Homa Niliyoitoa Machinjioni

Kama unaamka kila siku shuka limeloa kama limetoka kufuliwa, na kila ukipimwa malaria wanakuambia huna, haya nimeyaandika nikikufikiria wewe. Mimi si daktari. Shule niliachia darasa la tano, na tangu hapo nimechunga ng'ombe wa watu Meatu, nimechekecha mchanga wa dhahabu, nimekuwa utingo kwenye malori ya pamba, nimefyatua matofali Shishiyu. Sikuwahi kukaa mahali misimu miwili ya pamba. Bariadi nilikuja kupumzika tu kwa dada yangu Kabula, pale Somanda, nikapata kazi machinjioni kwa kuwa yeye alikuwa huko tayari, anaosha matumbo.

Nianze na hofu yenyewe, usije ukadhani nasimulia jasho. Wakati naugua, Kabula alikuwa mjamzito. Mimba mbili za kabla ya hiyo zilikuwa zimetoka. Hiyo ya tatu aliibeba kimya, khanga akaifunga kwa ulegevu ili majirani wasiulize. Na kila alfajiri alikuwa anaipeleka palepale nilipookota ugonjwa wangu.

Machinjio yetu yana ukuta katikati. Upande mmoja ni sakafu ya wanaume, tunapochuna na kupasua. Upande wa pili ni banda la wanawake na mabeseni yao. Kwenye ukuta kuna dirisha lisilo na mlango, matumbo yanapita hapo. Nilipoanza kazi, mahali pote pakiwa bado chini ya halmashauri, mambo yalikuwa na utaratibu wake. Asubuhi kulikuwa na moto chini ya pipa la maji, visu vyetu vikikaa humo. Bwana mifugo alifika kabla ya kisu cha kwanza. Ng'ombe akipasuliwa akakutwa na ndama tumboni, mji wa mimba haukufunguliwa. Mzee Nkwabi, kiongozi wetu wa sakafuni, alivaa glovu ndefu za kufika kiwikoni, akauburuta mzima mzima hadi shimoni, akamwaga chokaa. Niliwahi kumuuliza kwa nini wasipewe mbwa. Akanijibu kwamba maswali yangu yatanichelewesha kuoa.

Kisha ikaja kampuni. Halmashauri ilikodisha machinjio, na msimu wa kuuza pamba ulipokuwa unaisha tukapewa ovaroli mpya zenye maandishi mgongoni na msimamizi mpya, kijana wa Njombe anayeitwa Elia. Hakuna aliyeamuru tuache utaratibu wa zamani. Ulijiachia wenyewe, kipande kwa kipande. Aliyekuwa analeta kuni alikuwa kibarua wa halmashauri, akasimamishwa. Tukaambiwa gesi inakuja. Pipa likapoa. Glovu za Mzee Nkwabi zilichanika, hazikuletwa nyingine. Bwana mifugo alihamishiwa Lagangabilili, na aliyechukua nafasi yake alikuwa na vituo vingi, kwetu akawa anafika siku anazoweza. Shimo likajaa.

Malipo nayo yakabadilika, kutoka ya siku yakawa ya kichwa cha ng'ombe. Ukilipwa kwa kichwa, unakimbia. Mchunaji akihitaji mikono miwili kuvuta ngozi, kisu hukiweka wapi? Zamani kilirudi pipani. Sasa sote tulikibana kwenye meno, na damu yake, tukaendelea kuvuta. Na mji wa mimba, kwa kuwa shimo limejaa na ng'ombe mwingine yuko mlangoni, ulianza kusukumwa dirishani pamoja na matumbo. Wanawake wakaufungua kwa mikono mitupu. Ndama akawa wa yule aliyeufungua, anamuuzia mfuga nguruwe. Kwa hiyo hawakulalamika. Walikuwa wanaugombania, na Kabula ana mikono mepesi kuliko wote.

Ukiuliza chochote, jibu lilikuwa moja: hiki ni kipindi cha mpito.

Homa ilinishika watu walipokuwa wanapanda pamba. Ilikuja jioni kwa baridi, usiku ikageuka jasho, asubuhi nikawa mzima kiasi cha kuona aibu kulala. Zahanati ya kwanza wakanipa mseto wa malaria bila kunipima vizuri. Ya pili wakasema taifodi, nikameza sipro. Ya tatu wakasema UTI. Nilikaa kwenye mabenchi ya kila aina mwaka ule. Nilijifunza kwamba benchi la karibu na maabara lina upepo, na kwamba mtu aliyebeba soksi za mtoto mkononi huna haja ya kumuuliza analia nini. Kila karatasi iliyobandikwa ukutani niliisoma, za chanjo, za kifafa, za kunyonyesha. Hakuna iliyonihusu.

Mwili wangu ukaanza kunikimbia. Mgongo uliuma kiunoni hadi nikawa nainuka kwa kushika ukuta. Jasho langu lilikuwa na harufu ya majani yaliyovundikwa. Kisha korodani moja ikavimba. Hili nalisema wazi kwa sababu najua mwanaume mwenzangu anayesoma hapa analificha, kama nilivyolificha mimi, nikitembea kwa kuachanisha miguu na kudanganya kwamba nimeteguka nyonga. Machinjioni hawakudanganyika. Wakaniita mwenye busha.

Nyumbani kwa dada nako kukawa kugumu. Shemeji yangu Shija ni mwendesha bodaboda, mtu mpole, lakini aliona nakonda na kulowesha mashuka akafikia hesabu yake. Siku moja nikakuta kikombe changu kimewekwa peke yake dirishani.  Kabula alikiona, akakichukua, akanywea chai yake humo mbele ya mumewe, polepole, hadi kikaisha. Shija akatoka kuwasha pikipiki. Mimi nikalia kama mtoto, na homa ya jioni ile ilikuwa haijaanza bado.

Mashuka yangu alikuwa anayakamua Kabula mwenyewe. Nilimzuia, hakusikia.

Pamba ilikuwa imefika magotini nilipoenda hospitali kubwa. Nilikaa kwenye foleni hadi jua likageuka upande wa pili wa jengo. Daktari alikuwa mama wa Kitanga, mwenye ushungi na sauti ya chini, na aliniuliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza tangu nianze kuugua.

"Unafanya kazi gani, baba?"

Nikamwambia nachuna ng'ombe. Akaomba kuiona mikono yangu, akaipindua kama mtu anayechagua viazi. Nikamweleza na habari ya kisu kwenye meno, kwa kuwa niliona ananisikiliza. Akaandika vipimo vitatu. Vya UKIMWI na kifua kikuu vilirudi safi. Cha tatu hakikurudi safi.

"Kitaalamu ni brusela," alisema. "Wafugaji wanauita ugonjwa wa kutupa mimba. Ng'ombe wanatupa, watu wanapata homa kama yako. Dawa ipo na utapona, ila dozi ni ndefu na hutaikatisha hata ukijisikia mzima."

Nilikuwa nimeanza kufurahi kwamba ugonjwa wangu una jina. Kisha jina lenyewe likaniingia.

"Na mtu akiwa na mimba?" nikauliza.

"Mkeo ni mjamzito?"

"Dada yangu. Anafungua mimba za ng'ombe, mikono mitupu."

 Alifunga jalada langu, akaweka mkono juu yake.

"Mlete," akasema. "Usingoje kliniki yake. Mlete wiki hii."

Dozi ilikuwa sindano kila asubuhi mwanzoni, halafu vidonge kwa wiki sita. Vidonge vyekundu vinageuza mkojo rangi ya fanta, na hata machozi. Usiogope ukiona. Mimi sikuambiwa, nikadhani figo zimepasuka, nikamkimbilia nesi wa sindano nikiwa nimeshika kopo. Alicheka hadi akakaa. Akaniomba radhi, akanipa kiti, na tangu siku hiyo akawa ananichoma sindano ya kwanza kabla ya foleni ili niwahi uji. Huruma ndogo za namna hii ndizo zilizonivusha.

Kabula hakukubali kwenda. Nilimwambia jioni akiwa anachambua mchicha, akaendelea kuchambua.

"Nikienda wakaniambia ninao, wataitoa?"

"Hawaitoi. Kuna dawa."

"Dawa hizo zinazokukojoza fanta."

"Kabula, hizo mbili zilizotoka..."

"Usizitaje." Alisema kwa Kisukuma, na kwa Kisukuma neno hilo lina uzito mwingine. Kisha akarudi kwenye Kiswahili, kama anayezungumza na mgeni. "Beseni langu likikaa tupu siku moja, lina mwenyewe mwingine. Wewe kazi ukiichoka unapanda lori, kesho uko Kahama. Mimi napanda nini?"

 Shija alikuwa mlangoni, amesikia yote. Ndipo akanigeukia mimi, akasema kwamba nimeuleta ugonjwa ndani ya nyumba yake. 

Asubuhi nilikwenda kwa Elia. Simsemi vibaya, alinipa kiti. Alinieleza kwamba makabidhiano hayajakamilika, na vifaa vya kinga bado viko upande wa halmashauri. Nikaenda halmashauri, nikakaa kwenye benchi la huko nalo, mgongo ukiwaka. Ofisa akaniambia kwa upole mwingi kwamba halmashauri imebaki na miundombinu, uendeshaji ni wa kampuni, na glovu ni uendeshaji. Nikamuuliza shimo je. Akafikiri, akasema shimo linaweza kuwa uendeshaji pia. Nikarudi kwa Elia. Elia akasema hapana kaka, shimo ni miundombinu kabisa. Nilipokuwa natoka nikamwona Kabula kwa mbali anavuka uwanja na beseni kichwani, mkono mmoja chini ya tumbo.

Nilihesabu kichwani waliokwisha kuambiwa: msimamizi, ofisa, Mzee Nkwabi, yule bwana mifugo wa siku anazoweza. Kila mmoja alikubaliana nami. Na kesho ng'ombe wangekuja.

Wakaja, na mmoja wao alikuwa na mimba kubwa, hata mtoto angeiona. Mimi sikuwa na ruhusa ya kufanya kazi, nilikuwa bado kwenye dozi. Nilikuwa nimekuja kukaa tu kwenye ukuta, kwa sababu nyumbani nilikuwa sipumui. Waliposhusha yule ng'ombe nikainuka, nikaenda kusimama mbele ya dirisha, mgongo wangu upande wa wanawake. Sikuwa nimepanga. 

Wachunaji walipopasua, matumbo yalishuka na mji wa mimba ukashuka nayo, mzito, ukijigeuza. Mmoja akaukumbatia akaja nao.

"Sogea, mwenye busha."

"Matumbo nipe. Huo haupiti."

"Unapelekwa wapi sasa, kwa mama yako?"

"Shimoni."

"Shimo limejaa, hujui?"

"Basi tuchimbe."

Wakacheka. Nyuma yangu nilimsikia Kabula, sauti ya chini na kali, akiniambia niondoke, nisimwaibishe, na kwamba zamu ya kufungua ni yake. Sikugeuka. Kama ningegeuka ningemwona, na kama ningemwona ningesogea. Wenye bucha walikuwa wameanza kupiga kelele nje, jua linapanda na nyama haijatoka. Elia akaja mbio akiwa ameshika simu.

"Kaka, wewe ni mgonjwa. Hapa huna cheo chochote."

"Sina," nikamwambia. "Lakini nimeujua ugonjwa huu wa kutupa mimba unakopita, na nimekaa hapo unapopita. Nitoe."

Hakunitoa. Wale wachunaji nao hawakuninyanyua, nadhani kwa kuogopa kunigusa. Mgongo ulikuwa unaniuma hivi kwamba nilishika kingo za dirisha kwa mikono miwili, na ndani yangu nilikuwa naomba mtu yeyote aniambie nimekosea, nikalale.

Ndipo Mzee Nkwabi akasogea.  Aliegesha kisu chake juu ya ukingo, akafuta mikono, akauliza kama swali la kawaida tu, "Jembe liko wapi?"

Likapatikana kwa jirani. Walichimba wanne, wakinitukana kwa zamu, wakisema nimewageuza wazika ndama. Mzee Nkwabi alifunga mifuko ya nailoni mikononi, akauburuta ule mji wa mimba hadi shimoni. Nyama ya siku ile ilifika sokoni jua likiwa kali, na wenye bucha waliapa hawatanisahau. Elia aliniambia nisirudi hadi nitakapoitwa.

Kabula alitoka bandani bila kuniangalia. Nilimfuata kwa mbali hadi Somanda, nikitembea kwa kuachanisha miguu. Alipofika kwenye mlango wa nyumba yake akakaa kizingitini, akanisubiri nifike.

"Wanawake wameniuliza bandani," akasema. "Walisikia ulivyokuwa unamwambia Elia. Wanauliza na za kwao zilizotoka. Tuko wengi kuliko nilivyojua." Kisha akasema, "Kesho nitakwenda. Shija atanipeleka."

Shija alimpeleka. Mimi nilibaki kwenye benchi la sindano, wao benchi la kliniki, na korido moja katikati. Yule daktari wa Kitanga alitoka mwenyewe kutuita. Kabula alikuwa nao. Nilikuwa nimesimama dirishani kwa kuchelewa.

Alipewa dawa za kwake, tofauti na zangu kwa ajili ya mimba. Daktari hakumwahidi kitu. Alisema tu ameze, apumzike, arudi kila akiambiwa, na kwamba sasa angalau tunajua tunapambana na nini. Alimweleza Shija pia kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kwa kikombe. Shija akaitikia kwa kichwa, akiangalia sakafu. Usiku ule alikuja kukaa pembeni ya kitanda changu, akaniuliza kama mgongo unaendelea vizuri. Hilo ndilo lilikuwa ombi lake la radhi, nami nikalipokea.

Ikaanza miezi ya kusikiliza. Mtoto akikaa kimya tumboni, nyumba nzima ilikaa kimya. Kabula alikuwa analala mkono uko juu ya tumbo, na mimi nilikuwa naamka kabla ya jua kusikiliza kama ameamka. Mama yetu alikuja kutoka Shishiyu na kuku na unga, akachukua mashuka ya wote wawili, akayafua bila kuuliza yapi ni ya nani. Mimi nilimaliza vidonge pamba ilipokuwa inatoa maua. Jasho lilikatika kwanza, kisha uvimbe ukaisha. Mgongo ulibaki, na bado upo wakati wa kipupwe. Wewe usitegemee kuamka siku moja umepona. Mimi niligundua tu kwamba nimevuka uwanja bila kufikiria miguu.

Machinjioni niliitwa tena. Mzee Nkwabi alikuwa amewaambia wachunaji kila mmoja aje na kipande cha kuni, na pipa lilikuwa linatoa mvuke. Glovu zilikuwa ndani ya boksi juu ya meza ya Elia. Hakusema zimetoka upande gani, wala mimi sikuuliza, na kwangu kutouliza ni kazi kubwa. Karatasi za makabidhiano bado zilikuwa hazijasainiwa.

Kabula alijifungua pamba ikiwa inavunwa, malori yameanza kupanga foleni barabarani. Mtoto ni wa kike, mdogo, na alikawia kulia hadi mama yetu akaanza kusali kwa sauti. Halafu akalia. Shija aliniweka nyuma ya pikipiki tukazunguka mji mzima bila kwenda popote.

Malori yale yalinipita siku nyingi nikiyaangalia. Mmoja wa madereva ananijua, akapunguza mwendo, akaniuliza kama napanda. Nikamwambia apite, msimu huu nabaki.

Ilikuwa wiki hiyohiyo nilipokuwa nachochea moto chini ya pipa, mmoja wa wanawake wa bandani akaja akasimama upande wangu, amenipa mgongo nusu, kama mtu anayeota moto tu. Ni binti mdogo, ameolewa mwaka huu. Tulisalimiana, mwangaluka, mhola. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ana miezi miwili. Mumewe hajajua bado, wala mama yake.

Sikumuuliza kwa nini ananiambia mimi. Nilimwambia kuanzia leo akae kwenye kuosha kwato, asiguse cha ndani, na Jumatatu nitampeleka kwa daktari wa Kitanga. Kisha nikavaa glovu, nikaingia sakafuni kuwaambia wanaume, bila kumtaja, kwamba leo hakuna atakayesukuma chochote dirishani kabla sijakiona.